Jumanne Tuliyoipoteza Karthala

Wajukuu wangu walioko Unguja wananiandikia kuniuliza kama ni kweli bibi yao aliwahi kupanda Karthala, mlima wa moto wa Ngazija, na mzungu wa bunduki. Ni kweli. Nilipanda, nikafika juu, nikalitazama shimo lake, nikashuka. Naiandika leo mara moja ili nisiulizwe tena. Kusoma kwangu ni kwa chuoni, herufi za Kiarabu. Hizi nyingine nilijifunza Unguja nikiwa msichana, baba alipokuwa akifanya kazi huko. Mkiona kosa, lirukeni mwendelee.

Ilikuwa miaka ya wazungu askari wa kukodiwa. Walikuja kwa bahari, wakamwondoa aliyekuwa akitawala, wakamweka mwingine, kisha wao wenyewe hawakuondoka. Tulizoea kuwaona na nguo zao nyeusi, wanapita na magari Moroni kama mji ni ua wa nyumba yao. Wengine walioa kwetu, wengine walifungua biashara. Ukipita karibu na kambi yao ulitazama chini, ukapita.

Mimi nilikuwa mjane, ninaishi Magudju, mtaa wa Moroni, katika nyumba ya mabati, ninapika chakula cha kuuza. Kwetu hasa ni Mutsamudu, kisiwa cha Anzuani. Mama yangu hakunisamehe kuondoka kwangu, kwa sababu kwetu mume ndiye anayemfuata mke nyumbani kwake, na mimi nilimfuata mume hadi Moroni. Mume akafa. Nikabaki na ndugu yangu wa tumbo moja, mdogo wangu, aliyekuwa karani bandarini.

Ndugu yangu alikuwa mtu wa mzaha. Siku moja walikuwa wanateremsha masanduku ya wazungu, mazito, watu wanne kwa kila sanduku. Akauliza kwa sauti, "Haya ni ya rais au ya wenye nchi?" Watu wote bandarini wakacheka. Mimi sikuwepo, lakini wamenisimulia wengi, na kila anayesimulia anacheka kidogo, kisha anakumbuka. Siku ya tatu wakamchukua. Nilipeleka chakula langoni kwa kambi yao wiki tisa. Sufuria walipokea, wakairudisha tupu, na sikujua nani aliyekula.

Basi akanijia mtu mzima mmoja wa mtaa wetu. Nikisema mtu mzima naomba mnielewe. Ngazija mwanamume hahesabiwi kwa mvi. Anahesabiwa kwa harusi kubwa, ile ya kulisha mji mzima, ng'ombe, mchele na dhahabu. Aliyeifanya ni mtu mzima: anaketi mbele msikitini, anasema barazani, anatembea mbele ya wenzake. Asiyeifanya, hata akiwa na miaka sitini na wajukuu, ni mtoto wa mji. Anatumwa. Huyu aliyenijia alikuwa ameifanya, tena vizuri, watu walikuwa bado wanaitaja. Alijua Kifaransa cha ofisini, na wazungu wa kambini walimtumia kama mdomo wao.

Akaketi kwenye kigoda changu akaniambia, "Bweni," ndivyo wanavyomwita mwanamke wa heshima kule, "Alhamisi ijayo maofisa wanakaa kuwachambua wafungwa. Ambaye ofisa mmoja amemsemea, anarudi kwao. Waliobaki wanapakiwa melini, wanapelekwa gereza la Anzuani. Na wewe unajua wanaopelekwa huko wanarudi vipi."

"Hawarudi," nikasema.

"Sasa sikiliza. Kapteni mmoja anataka kupanda Karthala. Kwao ni mtu wa milima, milima yenye barafu. Amenitaka nimtafutie watu. Tunaondoka Jumatatu. Jumanne tunafika juu, anashuka shimoni, Jumatano tunarudi mjini. Anakula sana na hapendi chakula cha kopo. Wewe pika. Akiwa juu, amefurahi, ameshiba, nitamtajia ndugu yako."

"Mwanamke apande Karthala na wanaume?"

"Unataka ndugu yako au unataka sifa?"

Nikafunga sufuria zangu. Wanawake wa mtaani waliniaga kwa mzaha. Mmoja akasema nakwenda kuolewa na jini la mlimani, maana wanaume wa Moroni nimewashinda. Mwingine akasema nisisahau kumwachia jini yule kisahani cha wali, huenda akanirudisha. Niliwajibu nikirudi na ndugu yangu nitawapikia pilau wote, na wasipolimaliza nitawapaka usoni.

Tulikuwa saba. Kapteni, mtu mzima, mimi, wapagazi watatu, na mchunga ng'ombe kutoka kijiji cha mteremkoni, aliyekuwa ndiye wa kutuongoza njia. Huyu mchunga alikuwa na umri kama wa baba yangu mdogo, ndevu nyeupe, miguu imepasuka kama udongo wa kiangazi. Tangu utotoni alikuwa akipeleka ng'ombe malishoni huko juu. Lakini ng'ombe wake wote waliishia kwenye harusi za wajomba na kaka zake, yake mwenyewe hakuifikia. Kwa hiyo alikuwa mtoto wa mji.

Gari la Kapteni lilipokwama, pale migomba inapoisha, tukashuka. Mchunga akachukua panga lake akatangulia. Mtu mzima akakohoa.

"Wee, unakwenda wapi?"

"Kuonyesha njia, mzee."

"Onyesha kwa nyuma."

Wapagazi wakacheka chini chini. Mchunga akasimama, akampisha, akarudi nyuma kabisa, karibu yangu mimi na sufuria. Mtu mzima akavaa shali yake, akashika bakora, akatangulia. Kapteni akauliza jambo kwa Kifaransa, na mtu mzima akamjibu kwamba yule mzee analinda mizigo. Nilisikia. Nilikuwa nimetumika nyumbani kwa mwalimu wa Kifaransa Mutsamudu kabla sijaolewa, kusikia nilisikia mengi, ila kusema kwangu kulikuwa Kifaransa cha jikoni: leta, toa, moto, chumvi, siyo hivyo.

Jumatatu tulikwenda vizuri, na sababu yake ilikuwa adabu ya yule mchunga. Hakusema hata mara moja kwamba njia si hii. Alikuwa akipaza sauti kutoka nyuma: "Mzee, upande wa kulia kuna kivuli." Mtu mzima anageuka kulia kama aliyewaza mwenyewe. "Mzee, huku juu ardhi ina huruma na miguu." Tunapanda juu. Ndivyo tulivyovuka msitu mzima, mtu anaongozwa kwa nyuma na asijulikane anaongozwa. Mimi niliona ni kichekesho. Mchunga akaninong'oneza, "Bweni, hiyo sufuria umeibeba au imekubeba?" Nikamwambia atazame miguu yake mwenyewe.

Tulilala kwenye kibanda cha zamani cha mawe, paa nusu. Mimi ni mtu wa Mutsamudu, kwetu ukipanda mlima unakutana na maji, mto unakushukia. Karthala haina maji. Jiwe linayanywa yote. Kila tone tulibeba mgongoni, na asubuhi Kapteni alinawa uso kwa maji ya kupikia wali. Nikayafunika yaliyobaki.

Jumanne ukungu ulishuka. Miti ilikuwa imekwisha, kumebaki vichaka vigumu vya kufika kifuani, vyote sura moja, na ukungu katikati yake, unamwona mwenzako kama nguo iliyoanikwa. Tukafika mahali njia inagawanyika. Kwa kusema kweli hakukuwa na njia, kulikuwa na pengo huku na pengo huku. Mtu mzima akashika la kushoto.

"Mzee," mchunga akaita, "huku kulia upepo ni mpole."

"Mimi siogopi upepo."

"Mzee, huku kulia ng'ombe wamekanyaga, pamelainika."

"Kwani mimi ng'ombe?"

Wapagazi wakacheka tena. Mchunga hakuwa na la tatu. Kivuli hakuna, jua hakuna, cha kumvutia mtu mzima upande wa kulia hakuna. Tukaenda kushoto. Tulikwenda kiasi cha kupika wali na kuula, mchunga akanisogelea.

"Bweni, huku tunakwenda kwenye mawe. Hakuna kitu huku. Siku itaishia huku."

"Mwambie."

"Nimwambie nani? Mimi?"

"Mwambie Kapteni."

"Kwa lugha gani? Mdomo wa Kapteni ni yeye yule. Sema wewe. Wewe una maneno yao."

Nilikuwa nayo. Siyo hivyo. Kwa Kifaransa ni maneno matatu, nayajua hata leo, niliyasema kila siku kwa mtoto wa mwalimu alipokuwa akishika kijiko vibaya. Kapteni alikuwa hatua kumi mbele yangu. Nikautazama mgongo wa mtu mzima, ile shali yake imelowa. Nikafikiri: nikimwaibisha mbele ya mzungu na mbele ya wapagazi, nani atamtajia ndugu yangu? Mtu aliyeaibishwa na mwanamke wa kupika, mgeni kutoka Anzuani, atafungua mdomo kwa ajili yake? Mgongo ule ndio uliokuwa umembeba ndugu yangu. Nikanyamaza. Nikamwambia mchunga, "Huenda ukungu utatoka." Akanitazama, akarudi nyuma.

Tukaingia kwenye mawe. Yalikuwa mawe yaliyowahi kuwa moto yakatiririka, yakagandia pale, makali kama vigae, yanalia chini ya mguu. Wapagazi walikuwa na ndara. Mmoja alichanika unyayo nikamfunga kwa upindo wa leso yangu. Kapteni alianguka akakata kiganja. Tulizunguka humo mpaka baada ya alasiri. Maji yakabaki dumu moja. Kisha ukungu ukafunguka ghafla, kama mtu amevuta pazia, na mlima ukaonekana. Ulikuwa nyuma yetu.

Kapteni aliutazama mlima, akatazama dira yake, akamtazama mtu mzima, akauliza. Mtu mzima akajibu taratibu, kwa Kifaransa chake kizuri, kwamba mchunga ndiye aliyeielekeza njia kwa zile sauti zake za kutoka nyuma, ni mtu wa porini, hajui kitu. Niliyasikia yote.

Mchunga akaniuliza, "Amesema nini?"

"Amesema ni ukungu," nikamwambia.

Hiyo ni mara ya pili.

Tulirudi kwenye kibanda kile kile. Ndivyo Jumanne ilivyoisha. Kapteni hakuwa mtu wa kugeuka. Alisema tutapanda kesho. Mtu mzima alimkumbusha kwamba kesho ilikuwa siku ya kurudi mjini. Kapteni akasema hakuja kutazama vichaka.

Jumatano akamwamuru mchunga apite mbele, yeye nyuma yake na bastola kiunoni, ili amwone asidanganye tena. Mtu mzima hakupinga, maana kule mbele sasa kulikuwa ni adhabu. Na mchunga alipopata mbele, hata hakutazama chini. Alikwenda kama mtu anayekwenda kisimani kwao. Hata adhuhuri haijafika, tukawa ukingoni.

Mnataka kujua kulikuwaje. Kulikuwa kama sufuria ambayo Mungu ameisahau motoni mpaka ikakauka. Bonde kubwa jeusi, na ndani yake shimo jingine, na mvuke mdogo unatoka pembeni. Hakuna ndege. Upande wa bahari mawingu yako chini yetu. Niliwaza Moroni iko chini ya mawingu yale, na kambi, na ndugu yangu, na kwamba kesho ni Alhamisi.

Nikapika haraka. Wali, samaki mkavu, majani ya muhogo niliyoyatwanga nyumbani nikayabeba kwenye chupa. Kapteni alikula sahani tatu. Alikuwa amebadilika, anacheka, anaeleza jinsi watu wa kwao wanavyofungana kamba moja wakipanda kwenye barafu, mmoja akiteleza wote wanamshika. Nikamtazama mtu mzima: sasa. Naye, haki yake nimpe, alisema. Alisema vizuri. Alimtaja ndugu yangu kwa jina la baba na la babu, akasema ni karani mwaminifu, mcheshi tu, ana dada mjane, ndiye huyu aliyepika.

Kapteni akanitazama, akafuta mdomo. "Ndiyo," akasema. "Kesho nitawaambia."

Nilisikia mwenyewe bila mkalimani. Nikainama kwenye sufuria nisionekane uso. Nikamwambia mtu mzima, "Basi tushuke. Tukishuka sasa hivi, usiku tuko mjini, asubuhi yuko kambini."

Akamwambia. Kapteni akacheka, akaonyesha shimo. Alikuwa amebeba kamba zake toka kwao. Siku ya shimo ilikuwa Jumanne na Jumanne ameipoteza, sasa ni leo. Alhamisi tutashuka mapema.

"Wanakaa asubuhi," nikasema, na hiyo niliisema mwenyewe kwa Kifaransa changu. Hapo ulimi ulifunguka. Wakati haufai tena, ukafunguka.

"Watanisubiri," akasema Kapteni.

Akashuka shimoni na kamba yake, mchunga na wapagazi wameshika juu. Alikaa huko alasiri nzima. Alirudi na mawe matatu mfukoni, ya kupeleka kwao.

Alhamisi tulishuka mbio. Nilimwachia mpagazi sufuria, nikakimbia mimi na umri wangu, nimepandisha nguo magotini, sijali nani anatazama. Msituni nilianguka mara mbili. Gari lilikuwa linangoja. Tulipofika mjini watu walikuwa wanatoka kuswali alasiri. Kapteni aliingia langoni, mimi nikasimama nje pamoja na mtu mzima. Hakukawia. Alitoka akiwa bado na matope ya Karthala viatuni.

"Wameondoka," akasema. "Meli imetoka adhuhuri."

Nikangoja aseme na jambo jingine. Akasema, "Pole, mama. Ulipika vizuri sana."

Mtu mzima alinisindikiza hadi Magudju. Njiani aliniambia ni kazi ya Mungu. Nikasema ndiyo.

Niliuza sufuria na kitanda, nikapanda chombo nikarudi Mutsamudu. Miaka kumi na sita sikuwa nimeukanyaga mji wetu. Mto bado unapita kati ya nyumba, wanawake bado wanafulia humo, na mama yangu alikuwa ameshakufa. Gerezani mlinzi mmoja alikuwa mtoto wa jirani yetu wa zamani. Baada ya wiki nyingi za kunizungusha, akanipitisha Ijumaa, wenzake walipokuwa msikitini.

Ndugu yangu alikuwa ameketi chini, miguu imevimba inang'aa. Aliponiona akasema, "Dada, umeona wema wao? Wamenirudisha nyumbani bila nauli." Nikacheka, nikalia. Akaniuliza nilikuwa wapi Alhamisi ile, maana walisimamishwa uani tangu asubuhi, kila mtu anatazama lango, wengine sita walisemewa wakatoka.

Nikamwambia. Nilikwenda pale kumpikia uongo, nilikuwa nimeshauandaa, lakini macho yake yalinitazama nikamwambia yote: kibanda, ukungu, pengo la kushoto na la kulia, alivyoniambia mchunga.

"Na wewe maneno ulikuwa nayo?"

"Nilikuwa nayo."

"Mangapi?"

"Matatu."

Yeye aliyekuwa humo kwa sababu ya sentensi moja ya kuchekesha watu bandarini, alinyamaza. Kisha akageuka, akaegemea ukuta, akanipa mgongo. Nilimwita jina lake la utotoni, hakugeuka. Mlinzi akaja akasema muda umekwisha.

Nilikwenda Ijumaa nyingine nne. Chakula alipokea. Kusema nami hakusema. Mvua zilipoanza kifua kikambana, na wiki ya pili ya mvua walituita twende na mkeka. Tulimwosha wenyewe. Hilo tulipewa.

Siku ya hitima yake, yule mtu mzima alivuka bahari kutoka Moroni kuja kutoa pole. Nilishangaa, watu wa mji wakafurahi, mgeni wa heshima kama yule. Aliniita pembeni mlangoni, akaniomba jambo moja: niwaambie watu wetu kwamba yeye alisema. Kwamba alifanya lake.

"Nitawaambia," nikasema.

Nikawaambia. Ilikuwa kweli, alisema. Wakamwitikia, wakamkaribisha ndani, wakatafuta pa kumweka. Nikachukua mkeka mpya, nikamtandikia mbele.